Deskitopu inajizima na kujiwasha kwenye gemu, na skrini ya bluu hata bila gemu: nianzie wapi?

mkazi_wa_moro

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba mwongozo wa watu wanaojua hizi mashine, maana nimeshauriwa ninunue madabodi mpya na sina uhakika kama ndiyo dawa.

Vifaa vilivyomo: prosesa Intel Core i5-10400, madabodi yenye chipseti ya B460, RAM ya DDR4 jumla GB 16 (kipande cha kwanza GB 8 cha mwendo wa 2666, kingine GB 8 cha 3200 kimeongezwa baadaye na ni cha kampuni tofauti), kadi ya grafiki GTX 1660 Super, SSD ya SATA, na pawa saplai iliyokuja na keisi, ubavuni imeandikwa 500W. Windows 11. Mashine na monita vyote viko kwenye UPS ya 650VA.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Nikifungua gemu zito au nikianza kutoa video iliyohaririwa, baada ya dakika chache skrini inakuwa nyeusi ghafla, feni zinakata, halafu mashine inajiwasha yenyewe. Hakuna ujumbe wowote. Lakini pia nikiwa kwenye kivinjari tu, au nikifungua faili kubwa la zip, inakuja skrini ya bluu na jina linabadilika kila mara: MEMORY_MANAGEMENT, PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL.

Yaliyokwishafanyika: fundi kapiga Windows upya, hakuna mabadiliko. Draiva ya kadi imewekwa mpya kabisa. Vumbi limepulizwa. Kwenye gemu joto la prosesa haliendi juu ya 71 na kadi inaishia 74. Nianze kukagua nini?

FundiBodi

Madabodi iache kwanza, mkuu. Kwa maelezo yako hii haionekani kuwa shida moja. Kukata ghafla bila ujumbe ukiwa kwenye mzigo mzito ni habari ya umeme. Skrini za bluu zenye majina yanayobadilika ukiwa kwenye mzigo mwepesi ni habari ya RAM. Ukizichanganya ukatafuta dawa moja utabadilisha kila kifaa na bado itakata. Zitenganishe, na Windows yenyewe itakusaidia kuzitenganisha.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, ingia Windows Logs halafu System. Tafuta tukio namba 41 lenye jina Kernel-Power. Watu wengi wakiliona wanadhani wamepata chanzo. Tukio hilo linasema jambo moja tu: mashine imewaka bila kuwa ilizimwa vizuri. Linaandikwa baada ya kuwaka, kwa hiyo halijui kilichotokea. Penye habari ni ndani yake. Lifungue, nenda kwenye Details, soma mstari wa BugcheckCode.

Ukiwa 0, Windows haikupata nafasi ya kuandika chochote. Umeme umekatika chini ya miguu yake, au mashine imeganda mtu akaizima kwa kubonyeza kitufe. Ukiwa namba nyingine, hiyo ni skrini ya bluu, ila namba imeandikwa kwa desimali wakati orodha za Microsoft zinatumia heksadesimali. Kwa hiyo 26 ni 0x1A, yaani MEMORY_MANAGEMENT. 80 ni 0x50, PAGE_FAULT. 10 ni 0xA, IRQL. 278 ni 0x116, kadi ya grafiki imeshindwa kuitikia. 292 ni 0x124, WHEA, prosesa yenyewe au kifaa kimetoa taarifa ya hitilafu ya vyuma. Kikokotoo cha Windows kwenye hali ya Programmer kinabadilisha hizo namba papo hapo.

Linganisha saa ya kila tukio na ulichokuwa unafanya. Naamini zile za gemu zitakuwa 0 na zile za kivinjari zitakuwa na namba.

Kabla ya kuendelea, fanya mashine isikimbie na ushahidi. Windows na R tena, andika sysdm.cpl, kichupo cha Advanced, sehemu ya Startup and Recovery, bonyeza Settings. Ondoa alama kwenye Automatically restart, na chini yake chagua Small memory dump. Kuanzia hapo skrini ya bluu itabaki mpaka uizime mwenyewe, na faili dogo la kumbukumbu litaandikwa kwenye C:\Windows\Minidump. Pagefile (faili ambalo Windows inalitumia kuisaidia RAM) iwepo kwenye diski ya C, bila hiyo faili la kumbukumbu halitaandikwa. Mafaili hayo yafungue kwa BlueScreenView au WinDbg. Ukikuta lawama imewekwa kwa ntoskrnl.exe usiihesabu, hicho ni kiini cha Windows na ndicho kinachotajwa pale mkosaji asipojulikana. Ila jina la draiva moja likijirudia kila mara, mfano nvlddmkm.sys (draiva ya kadi za NVIDIA), hapo pana kitu cha kufuata. Majina yakibadilika kila mara kama yako, mimi huacha draiva na kwenda kwenye RAM.

Halafu nijibu maswali mawili. Inapokata kwenye gemu, taa ndogo ya monita inabaki au nayo inazimika? Na kwenye kibandiko cha pawa saplai, safu ya +12V imeandikwa ampea ngapi? Usisome namba kubwa ya 500W, soma ile ya +12V.

Stima254

Naunga mkono FundiBodi kuhusu swali la monita, nieleze kwa nini ni la maana. Monita yake iko kwenye UPS ileile. Stima ikiyumba na betri ya UPS ikiwa imechoka, vyote viwili vitazima pamoja. Mashine ikikata peke yake huku monita ikibaki na taa na kuandika kwamba haipati mawimbi, basi UPS inatoa umeme na tatizo liko baada yake: kebo ya umeme, pawa saplai, au kinachovutwa kutoka kwayo.

Hata hivyo UPS ya 650VA isiachwe bila kuangaliwa. VA si wati. Nyingi za saizi hiyo zinabeba kati ya wati 360 na 390, na hapo kuna monita pia. Tafuta maandishi ya wati nyuma yake. Kuna jambo jingine: UPS nyingi za bei ya chini zikiwa kwenye betri zinatoa mawimbi ya ngazingazi badala ya mawimbi laini, na pawa saplai zenye Active PFC (saketi ya kurekebisha jinsi inavyovuta umeme) wakati mwingine haziyapendi, zinakata pale tu UPS inapohamia kwenye betri. Ukisikia mlio wa "tak" wa relei sekunde ileile mashine inapokata, hiyo ni dalili. Ujaribu hivi: chomeka mashine moja kwa moja ukutani kwenye soketi yenye arthi, bila ekstensheni, saa ambayo stima imetulia, ufungue gemu lilelile. Ikikata vilevile, UPS imetoka kwenye orodha. Jaribio likiisha irudishe kwenye UPS.

mkazi_wa_moro

Asanteni sana wakuu. Nimefuatilia.

Za gemu zote BugcheckCode ni 0. Za kivinjari na zip ni 26, 80 na 10. Monita inabaki na taa, inaandika haina mawimbi. Nimechomeka ukutani moja kwa moja, gemu likakata vilevile. Kibandiko cha pawa saplai kinasema +12V 16A. Na nimeona kitu kingine: kadi ya grafiki inataka pini 8, lakini pawa saplai haina waya huo. Kimewekwa kiadapta kinachounganisha Moleksi mbili (plagi za zamani za pini 4) kwenda pini 8.

Je, naweza kupima pawa saplai nyumbani? Multimita ninayo.

FundiBodi

Ampea 16 mara volti 12 ni wati 192. Hiyo ndiyo nguvu halisi unayopata kwenye laini inayolisha prosesa na kadi. Zile 500W zilizoandikwa kwa herufi kubwa hazipo mahali unapozihitaji.

Sasa weka upande wa pili. GTX 1660 Super imepangiwa wati 125. Core i5-10400 imeandikwa 65W, lakini hiyo ni kwa muda mrefu. Intel inairuhusu kupanda hadi wati 134 kwa muda mfupi, takribani sekunde 28, kama madabodi inafuata mpangilio wao. Kuna madabodi zinazoachia muda huo uwe mrefu zaidi. 125 na 134 ni 259, hapo hujahesabu feni, SSD na madabodi yenyewe. Tena kadi ya grafiki huvuta kwa miruko, kwa milisekunde chache inaweza kuzidi kiwango chake kwa mbali. Gemu zito linaamsha vyote viwili kwa pamoja. Ndiyo maana kivinjari hakiikati na gemu linaikata.

Kinachotokea ndani ni hiki. Kwenye kiunganishi cha pini 24 kuna waya wa kijivu, pini ya 8, unaobeba ishara ya Power Good. Pawa saplai ikiona volti zake zimetoka nje ya mipaka inaishusha ishara hiyo na madabodi inajirestati papo hapo. Windows haiulizwi. Volti zikirudi, mashine inawaka. Hilo ndilo unaloliona. Ingekuwa inazima na kukataa kuwaka mpaka uchomoe waya wa ukutani kwa sekunde kadhaa, ningesema kinga ya pawa saplai imejifunga, na hapo ningetafuta pia shoti.

Kupima inawezekana kabisa. Usifungue boksi la pawa saplai, kwa sababu yoyote ile. Ndani kuna kapasita inayokaa na zaidi ya volti 300 za DC hata baada ya kuchomoa. Pima nje, kwenye kiunganishi cha Moleksi kisichotumika: waya mweusi ni hasi, wa njano ni volti 12, mwekundu ni volti 5. Weka multimita kwenye DC, mkono wa 20V, ncha nyeusi kwenye tundu la waya mweusi, nyekundu kwenye tundu la njano, uzibane zisicheze, maana ukizigusanisha ncha unaleta shoti wewe mwenyewe. Soma mashine ikiwa imetulia, kisha fungua gemu uendelee kusoma. Kanuni ya ATX inaruhusu asilimia 5 tu kila upande: 12V isishuke chini ya 11.40 wala isizidi 12.60, na 5V iwe kati ya 4.75 na 5.25. Multimita yenye MIN/MAX iwashe hiyo, ingawa mishuko ya milisekunde chache haitaikamata. Kwa hiyo ikionyesha vibaya, pawa saplai ni mbovu. Ikionyesha vizuri, bado haijasafishwa jina.

Zile namba za 12V zinazoonekana kwenye BIOS (programu ya madabodi inayoanza kabla ya Windows) au HWiNFO (programu ya kusoma sensa) zichukue kama tetesi. Sensa za madabodi nyingi hazisomi sawasawa.

Halafu kile kiadapta. Gusa plagi zake baada ya gemu kukata, zikiwa zimepoa kidogo na mashine imezimwa. Plastiki iliyogeuka rangi au harufu ya kuungua, kitoe leo. Kiunganishi cha pini 8 cha kadi kimepangiwa hadi wati 150, na mara nyingi Moleksi zile mbili zinatoka kwenye waya mmoja mwembamba ule ule wa pawa saplai. Pini ikilegea inapata joto, joto linaongeza ukinzani, volti inashuka zaidi.

Jaribio la mwisho halina gharama: prosesa yako si ile yenye herufi F, ina grafiki za ndani. Zima, toa kadi, chomeka kebo ya monita kwenye tundu la madabodi, ufanye kazi ya video. Isipokata kabisa, mzigo wa kadi ndio uliokuwa unaiangusha pawa saplai.

ncha_ya_bisibisi

Naingia upande wa RAM. Kwanza niseme watakaokuja kukwambia uzime XMP (mpangilio wa BIOS wa kuiendesha RAM kwa mwendo wa juu): kwenye B460 na prosesa hii mwendo unaishia 2666 hata kama kipande kimeandikwa 3200. Kwa hiyo mwendo si tatizo lako. Kampuni tofauti pia peke yake si kosa, vipande viwili visivyofanana huwa vinafanya kazi vizuri tu. Ninachoshuku ni kipande kimoja kibovu au mguso mchafu kwenye sloti.

Ile Windows Memory Diagnostic iliyomo ndani ya Windows inaweza kupitisha RAM mbovu, usiitegemee. Shusha MemTest86, iandike kwenye flashi (flashi itafutwa yote, toa vitu vyako), washe mashine kwa flashi hiyo. Toleo la bure linapita mizunguko minne. Kwa GB 16 tenga saa kadhaa, au iache usiku kucha kama umeme wa kwenu unaruhusu. Kosa moja tu jekundu linatosha kuikataa. Hakuna kiwango cha makosa kinachokubalika kwenye RAM.

Likitokea kosa, tenganisha kwa utaratibu. Zima mashine, zima swichi ya nyuma ya pawa saplai, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, shika chuma cha keisi kutoa umemetuli mwilini. Acha kipande kimoja. Kwenye madabodi ya sloti nne kiweke sloti ya pili kuhesabu kutoka kwenye prosesa, ambayo huandikwa A2 au DIMM_A2. Pima. Kitoe, weka kingine kwenye sloti ileile, pima. Kosa likifuata kipande, kipande ni kibovu. Vipande vyote viwili vikileta makosa kwenye sloti hiyo na vyote vikipita kwenye sloti nyingine, sloti ndiyo yenye shida. Vikipita kimoja kimoja na kukataa vikiwa pamoja, hapo ndipo suala la kutofanana linaingia.

Kabla ya kukihukumu kipande, safisha meno yake ya dhahabu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye isopropili, kiache kikauke, kipachike mpaka vibano vilie. Walioko pwani walitilie maanani zaidi hili, hewa ya chumvi na unyevu inaleta utando kwenye meno hayo na makosa yanayokuja na kupotea.

Na ndiyo maana kupiga Windows upya hakukusaidia. Unakili wa Windows unapitia kwenye RAM. RAM ikiwa inageuza biti, mafaili yanaweza kutua kwenye diski yakiwa tayari yameharibika. Hata zip ikigoma kufunguka inaweza kuwa dalili ileile: kila faili la zip lina hesabu ya kuhakiki, biti moja ikigeuka hesabu inakataa. Mpaka RAM ithibitishwe, usihamishe picha wala nyaraka muhimu kupitia mashine hiyo, na usiendeshe chkdsk /r. Unaweza kuharibu data iliyokuwa nzima.

Stima254

Wakati unasubiri MemTest, ondoa na shaka ya SSD. CrystalDiskInfo, dakika moja. Angalia 05 na C5, sekta zilizohamishwa na zinazosubiri. Majina hubadilika kidogo kwa kila mtengenezaji wa SSD. C7 ikiwa inapanda kila unapoangalia, hiyo ni kebo ya SATA na siyo diski. Badilisha kebo.

kipozi

Samahani kuingilia uzi. Mashine yangu ina i7-13700K na inatupa gemu nje, wakati mwingine inaandika kwamba kumbukumbu ya video haitoshi wakati kadi ina GB 12. Nifuate hatua hizi hizi?

FundiBodi

Kwako mpangilio unabadilika. Prosesa za mezani za Intel za kizazi cha 13 na 14, zile za wati 65 na kuendelea, zina tatizo linalojulikana: zilikuwa zinaomba volti kubwa mno na mzunguko wa ndani unachakaa kabla ya wakati. Ujumbe huo wa kumbukumbu ya video kutotosha ni mojawapo ya dalili zake maarufu. Intel ilitoa maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x129 Agosti 2024, ikafuata 0x12B. Zinakuja kupitia BIOS mpya ya madabodi yako, na kwenye BIOS hiyo uchague Intel Default Settings. Maikrokodi inazuia uharibifu kuendelea, haiponyi prosesa iliyokwishaumia. Ikiendelea baada ya BIOS mpya, dai gerentii: Intel iliongeza miaka miwili kwa prosesa hizo. Tunza risiti.

Ukiwa unasasisha BIOS, au hata kuirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani, kwanza hifadhi ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48. Windows 11 mara nyingi inafunga diski yenyewe bila mtu kujua, na baada ya BIOS kubadilika inaweza kukudai ufunguo huo. Na usisasishe BIOS mashine ikiwa bado inakata ovyo. Kwa mkazi_wa_moro hasa: umeme ukikata katikati ya uandishi wa BIOS, hapo ndipo utakapohitaji madabodi kweli.

mkazi_wa_moro

Matokeo haya hapa. 12V ikiwa imetulia ni 11.87, kwenye gemu inashuka hadi 11.21 halafu inakata. Plagi moja ya kiadapta imekuwa ya kahawia pembeni. Nikitoa kadi na kutumia grafiki za ndani, kazi ya video inamalizika bila kukata.

MemTest86: vipande vyote pamoja makosa mengi. GB 8 ya 2666 peke yake imepita mizunguko yote. GB 8 ya 3200 peke yake, sloti ileile, imesafishwa meno, bado inaleta makosa. SSD iko salama, C7 ni 0.

Kwa hiyo ni pawa saplai na kipande kimoja cha RAM. Nitafute pawa saplai ya aina gani, na je, naweza kuendelea kutumia mashine kwa sasa?

FundiBodi

11.21 iko chini ya mpaka, huna haja ya kupima tena. Kitoe kiadapta kile na usikirudishe hata kwa dharura.

Kwa sasa tumia grafiki za ndani na kile kipande kizuri cha RAM. Mashine itatulia kwa kazi za kawaida. Ukitaka kuibana zaidi, kwenye BIOS shusha kikomo cha nguvu cha muda mfupi, kinaandikwa Short Duration Power Limit au PL2, kiwe 65.

Pawa saplai: wati 550 halisi zinatosha na kubaki. Dukani usiulize wati, omba usome kibandiko. Safu ya +12V iwe ampea 40 au zaidi, maana 40 mara 12 ni wati 480. Iwe na cheti cha ufanisi cha 80 Plus, ngazi ya Bronze inatosha, na waya wa PCIe wa pini 6+2 unaotoka moja kwa moja ndani ya boksi. Nyepesi mkononi kama boksi tupu, irudishe kaunta. Kibandiko kisichotaja ampea za +12V kabisa, usinunue. Pawa saplai ni kifaa ambacho nisingekinunua kikiwa kimetumika kama sijui kilikotoka, hata bei iwe ya kuvutia vipi. Inalisha kila kitu kingine ulichokilipia.

Ukifunga, angalia viunganishi viwili vinavyofanana. Wa prosesa ni pini 8 unaogawanyika 4+4, huandikwa CPU. Wa kadi ni 6+2, huandikwa PCIe au VGA. Mpangilio wa hasi na chanya umegeuzwa kati yao. Maumbo ya pini yametofautishwa yasiingiliane, ila watu wanalazimisha. Kisipoingia kwa wepesi, sicho. Na ukinunua ile yenye waya za kuchomoa, tumia waya zilizokuja nayo tu. Upande wa pawa saplai mpangilio wa pini hutofautiana hata ndani ya kampuni moja, na waya wa nyingine unaweza kupeleka volti 12 kwenye SSD inayotaka 5.

ncha_ya_bisibisi

Upande wa RAM tafuta DDR4 ya mezani, volti 1.2, GB 8. Iwe 2666 au 3200 haijalishi kwa madabodi yako. Jihadhari na vipande vya seva vilivyoandikwa ECC Registered au RDIMM, vina ukubwa uleule na bei ndogo, lakini mashine yako haitawaka navyo. Vya laptopu ni vifupi, utaviona. Kile kilichoongezwa, kama bado una risiti, kirudishe. Kampuni nyingi za RAM zinatoa gerentii ya muda mrefu na picha ya skrini ya MemTest86 ni ushahidi mzuri. Kipande kipya nacho kipimwe mizunguko minne kabla hakijaguswa na Windows. Kiwe pamoja na cha zamani, sloti A2 na B2.

RAM ikishapita ndipo ushughulikie Windows, siyo kabla. Kwa kuwa yako ilipigwa RAM ikiwa mbovu, mimi ningeipiga upya kabisa. Kama hutaki, fungua Terminal kama msimamizi, uendeshe kwa mpangilio huu, ya kwanza iishe ndipo ya pili:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

sfc /scannow

Ya kwanza inahitaji intaneti, inaweza kuonekana imekwama kwenye asilimia fulani kwa muda, iache. Ya pili ikisema imekuta mafaili mabovu na kuyarekebisha, irudie mpaka iseme haikuta kosa. Zip zilizoundwa au kunakiliwa kipindi kile zifungue moja moja uone kama ni nzima, na zile za muhimu zichukue tena kutoka kwenye chanzo chake.

mkazi_wa_moro

Nimeelewa wakuu, nashukuru sana. Swali la mwisho: vikishafungwa vyote nitajuaje kwamba imepona kweli na si kwamba inasubiri?

FundiBodi

Fungua OCCT, ina jaribio liitwalo Power linalobana prosesa na kadi kwa pamoja. Hilo ni zito kuliko gemu lolote. Liendeshe nusu saa huku HWiNFO ikionyesha joto, na multimita ikiwa kwenye Moleksi. Prosesa ikifika 100 itapunguza mwendo yenyewe. Ukiiona inakaribia huko, simamisha, angalia pini nne za kipozi kama zote zimebana, na pesti kama imekauka. 12V isishuke chini ya 11.40 hata kidogo, na kwa pawa saplai nzuri itabaki karibu sana na 12.

Kisha rudi Event Viewer, System, chuja chanzo WHEA-Logger. Hapo pawe patupu. Pakiwa na tukio namba 18, au 19 hata kama mashine haikukata, vyuma bado vinalalamika. Lete maandishi yake yote hapa, hasa mstari wa Error Type na Processor APIC ID, tuone kama ni kiini kimoja cha prosesa kinachojirudia.

Na kwenye Windows zima Fast Startup, iko Control Panel, Power Options, Choose what the power buttons do. Ikiwa imewashwa, kuzima kwako kwa kawaida kunahifadhi hali ya kiini na draiva kwenye diski na kuirudisha ukiwasha, kwa hiyo draiva iliyovurugika inaweza kuamka nawe kila asubuhi.